Kuondoa Ukungu wa Taa na Kusafisha Pikapu Iliyotumika

Ukungu unaoziba taa za mbele za gari mara nyingi hukaa upande wa nje wa kioo cha taa, katika tabaka jembamba kuliko karatasi. Vioo vya taa za pikapu za sasa, iwe Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Mitsubishi L200 au Ford Ranger, hutengenezwa kwa polikaboneti, plastiki inayostahimili kokoto za barabarani lakini isiyoweza kustahimili jua peke yake. Kwa sababu hiyo hupakwa kiwandani koti gumu linalozuia mionzi ya urujuanimno, na koti hilo ndilo linaloliwa kwanza. Jua la mchana, joto la balbu kutoka ndani, vumbi linalorushwa na magari yaliyotangulia na matambara makavu ya kufutia gari asubuhi hulichosha mwaka baada ya mwaka, mpaka plastiki iliyo chini yake inabaki wazi. Hapo kioo huanza kuwa cha njano, kisha hupauka kabisa. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, gari linaloegeshwa nje kutwa halichukui muda mrefu kufikia hali hiyo.

Hasara si ya sura tu. AAA, chama cha waendesha magari cha Marekani, kilipima jambo hili mwaka 2018 na kukuta kwamba taa zilizopauka zilikuwa zikitoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Zilipong'arishwa, mwanga ulirudi hadi takriban asilimia 70. Sehemu ya mwanga ulionaswa na ukungu hutawanyika na kuwapiga machoni wanaokuja upande wa pili. Kwenye barabara isiyo na taa, yenye baiskeli, mikokoteni na watembea kwa miguu, dereva wa gari la namna hii humwona mtu akiwa ameshamkaribia mno.

Kabla ya kununua msasa, chanzo cha ukungu kijulikane. Njia rahisi ni kukimwagia kioo maji. Kikionekana safi kikiwa kimelowa, kisha ukungu ukarudi kadiri kinavyokauka, tatizo liko nje na litaondoka kwa kusuguliwa. Ukungu ukibaki palepale chini ya maji, au matone yakionekana kwa ndani, msasa hautasaidia: taa imepoteza uzibo wake, au kifuniko cha mpira cha nyuma ya balbu kililegezwa wakati wa kubadilisha balbu na hakikurudishwa sawasawa. Taa hiyo hufunguliwa, hukaushwa na kuzibwa upya. Zipo pia nyufa ndogondogo zilizotanda ndani ya plastiki yenyewe. Zikiwa za kina haziondoki, na ni heri fedha iwekwe kwenye taa nyingine. Taa za duara za Land Cruiser na pikapu za zamani ni za kioo halisi. Zikigongwa kwa ukucha hutoa mlio mkali, hazigeuki njano, na hazina haja ya msasa. Zikififia, kinachofaa kukaguliwa ni waya, maungio yake na ule uso wa ndani unaoakisi mwanga.

Njia za mkato ni nyingi na karibu zote hufurahisha siku ya kwanza. Dawa ya meno ina chembechembe za kusugulia, hivyo taa iliyopauka kidogo huonekana imepona kwa wiki chache. Dawa ya kufukuza mbu yenye DEET ni mbaya zaidi: huyeyusha uso wa plastiki, ukungu ukapotea mbele ya macho ya mwenye gari, kisha kioo hubaki kinanata na baadaye huchanika nyufa. Tina, petroli na asetoni huleta madhara ya aina hiyohiyo. Ipo pia huduma ya kufukiza taa kwa mvuke wa kemikali kutoka kwenye kikombe kinachopashwa moto kwa umeme. Kioo hutoka kikimetameta, lakini kemikali inayotumika, aghalabu dikloromethani au klorofomu, ni sumu kwa anayeivuta, na hulainisha plastiki bila kuiwekea kinga yoyote. Hapo ndipo ilipo kasoro ya njia hizi zote. Kurudisha mng'ao ni kazi ya saa moja au mbili. Kinachoamua kama utadumu ni koti jipya litakalochukua nafasi ya lile la kiwandani.

Vifaa vinavyohitajika hupatikana katika maduka ya rangi za magari na ya vipuri, kuanzia Gerezani, Kariakoo, hadi Kirinyaga Road, Nairobi: msasa wa maji namba 800, 1000, 2000 na 3000, tepu ya karatasi, kompaundi ya kung'arishia plastiki au rangi, spiriti, vitambaa laini vya maikrofaiba, sponji, ndoo na chupa ya kupulizia maji. Namba ya msasa inavyokuwa kubwa ndivyo msasa unavyokuwa laini. Taa iliyopauka kidogo inaweza kuanzwa na namba 1000, lakini iliyogeuka njano na kuanza kubambuka maganda lazima ianzwe na 800. Kuikwepa namba hiyo kwa kuogopa mikwaruzo huishia kumchosha msuguaji bila matokeo.

Sehemu yote ya mbele ya gari huoshwa kwanza kwa sabuni na maji mengi, kwa maana chembe moja ya mchanga ikinaswa chini ya msasa huchora mstari unaogharimu muda mrefu kuufuta. Baada ya kukauka, kingo za boneti, bampa na madigadi zinazopakana na taa huzibwa kwa tepu safu mbili. Msasa ukiteleza mara moja tu huacha alama kwenye rangi ya gari, na rangi si rahisi kurekebisha kama plastiki. Palipo na nafasi ya kuichomoa taa, kuichomoa ni bora.

Msasa hulowekwa majini kwa dakika kama 10, kisha huzungushiwa kipande cha sponji. Kusugua kwa ncha za vidole pekee huchimba mabonde yasiyoonekana mpaka taa iwashwe usiku. Mkono huenda mwelekeo mmoja tu, kushoto na kulia, huku kioo kikipulizwa maji bila kuachwa kikauke. Maji ya mwanzo hutiririka yakiwa ya njano chafu; hayo ni mabaki ya koti la kiwandani na plastiki iliyoungua kwa jua. Kadiri kazi inavyoendelea hugeuka meupe kama tui jepesi, na weupe huo ndio dalili kwamba msasa umefikia plastiki nzima. Kioo sasa huonekana kibovu kuliko kilivyokuwa, cheupe chote, na watu wengi huingiwa na wasiwasi hapo wakaacha. Hawana sababu ya kuacha. Kinachotakiwa ni kukikausha na kukitazama kwa pembeni dhidi ya mwanga: mabaka yanayong'aa katikati ya weupe ni koti la zamani lililobaki, na likiachwa litaonekana kama doa chini ya koti jipya. Ukingo wa juu ndio uliopigwa zaidi na jua na ndio unaosahaulika zaidi, kwa sababu mkono hupenda kukaa katikati.

Uso ukishakuwa mweupe wa aina moja, kioo na tepu huoshwa, maji ya ndoo hubadilishwa, na msasa wa 1000 hushika zamu kwa mwelekeo mwingine, juu na chini. Mistari ikikatana namna hiyo, ile ya namba iliyotangulia huonekana waziwazi, na kazi ya namba mpya ni kuifuta yote kabla ya kusonga mbele. Ndivyo inavyofanywa kwa 2000 na 3000. Chembe za msasa mkali zikibaki kwenye sponji au majini, zitakwaruza hatua zote zinazofuata. Namba 800 na 1000 ndizo zinazokula muda. Za mwisho huenda haraka.

Kuanzia namba 2000 zipo njia mbili, kulingana na kinga iliyochaguliwa. Anayekusudia kupuliza klia, yaani koti la rangi angavu, huishia namba 2000 na hagusi kompaundi, kwa sababu klia huhitaji uso wenye ukwaruzi mdogo wa kuishika, na yenyewe huijaza mikwaruzo na kurudisha uwazi. Anayekusudia kupaka kinga ya kufutia kwa kitambaa huendelea na kompaundi baada ya 3000. Kompaundi hupakwa kidogo na kusuguliwa kwa duara kwa mkono, au kwa drili yenye sponji ikiwa kwenye kasi ndogo na haitulii mahali pamoja. Plastiki ikipata joto la msuguano hulainika na kupata makovu. Dakika 10 hadi 15 kwa kila taa hutosha kuona balbu na uso unaoakisi vikijitokeza.

Kinga imara zaidi ni klia yenye kizuia mionzi, ya kuchanganywa na hadina, yaani kigumishi. Kioo hufutwa kwa spiriti, hakiguswi tena kwa mkono mtupu, na sehemu yote ya mbele ya gari hufunikwa. Hupulizwa matabaka mawili au matatu mepesi, kila moja likiachwa dakika chache, mahali penye hewa lakini pasipo na upepo wa vumbi. Hadina hiyo ina isosianeti, kemikali inayoweza kusababisha pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote hapo. Inahitajika ile yenye filta za mvuke, pamoja na miwani na glovu. Asiyekuwa na barakoa hiyo amwachie fundi rangi hatua hii, na bei yake ni ndogo kwa kuwa kazi ngumu imeshafanyika. Kinga ya kufutia, inayouzwa pamoja na vifaa vya kusafishia taa, ni rahisi zaidi na hudumu muda mfupi kuliko klia. Karatasi angavu ya plastiki inayobandikwa juu ya taa nayo hulinda vizuri, ingawa kwenye taa zenye mikunjo mingi huhitaji mkono uliozoea. Nta ya gari hulinda kwa wiki chache tu. Taa iliyosuguliwa ikaachwa bila kinga hupauka tena ndani ya miezi michache, na safari hii haina koti la kiwandani la kuichelewesha.

Taa zikishakuwa wazi, mwelekeo wake upimwe, kwa sababu mwanga uliorudi ukielekezwa vibaya huwa tishio kwa wengine. Gari huegeshwa pahali tambarare, matairi yakiwa na upepo wa kutosha, mita 5 kutoka ukutani. Kimo cha katikati ya taa hupimwa kutoka chini na kuwekewa alama ukutani. Taa za dimu zikiwashwa, ukingo wa juu wa mwanga ukae kama sentimita 5 chini ya alama. Pikapu ina tatizo lake hapa: ikipakiwa mizigo nyuma, springi hushuka, pua huinuka na dimu hupanda kama fulu. Inayobeba mizigo kila siku ipimwe ikiwa na mzigo wake wa kawaida, isipokuwa kama ina kitufe cha kushushia taa kwenye dashibodi.

Upande ambao mwanga unapanda nao utazamwe. Magari yaliyotoka Japani yalitengenezwa kwa nchi ya kuendesha kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda, hivyo dimu zake huinuka upande wa kushoto, pembeni mwa barabara. Yaliyotengenezwa kwa soko la Dubai, Ulaya bara au Marekani huinuka kulia, machoni mwa anayekuja, na hilo haliponi kwa kukaza skrubu, taa hubadilishwa. Balbu ibaki ya wati zilizoandikwa kwenye taa, ambazo kwa balbu ya H4 ni 60 za fulu na 55 za dimu. Balbu ya wati 100 hupika plastiki na waya, na balbu ya LED iliyotumbukizwa kwenye taa ya halojeni aghalabu hutawanya mwanga ovyo.

Sehemu nyingine za pikapu iliyotumika zisafishwe kwa jicho la mkaguzi, kwa sababu uchafu huficha mambo ambayo muuzaji hakuyasema. Chini ya gari ndiko kwa kuanzia. Magari yaliyotumika maeneo ya theluji ya Japani hukutana na chumvi inayomwagwa barabarani, na yale ya Mombasa, Dar es Salaam au Unguja hupata chumvi ya upepo wa bahari. Chesisi, mihimili na ndani ya madigadi humwagiwa maji mengi kwa muda mrefu mpaka matope yaliyoganda kwenye pembe yatoke, kwa maana tope lililolowa hushikilia unyevu kwenye chuma na kukiozesha kimyakimya. Kutu ya juujuu husuguliwa kwa brashi ya waya, hupakwa dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforiki, kisha rangi ya msingi na rangi ya chesisi. Chuma kinachobonyea kwa bisibisi ni kazi ya mchomeleaji. Desturi ya kupuliza oili chafu chini ya gari haifai: huharibu mipira ya bushi, hukusanya vumbi na huchafua ardhi kila panapoegeshwa.

Rimu na matairi huoshwa kabla ya bodi, kwa ndoo na brashi zake zenyewe, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma zinazokwaruza rangi. Bodi huoshwa kivulini ikiwa imepoa, kutoka juu kwenda chini. Kwanza maji matupu, ili vumbi jekundu la barabara za vumbi liondoke bila kusuguliwa. Kisha shampuu ya gari na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Sabuni ya unga ya kufulia haifai. Ni kali, huondoa nta na huacha rangi kavu. Kufuta vumbi kwa dasta kavu kila asubuhi, kama inavyofanywa katika maegesho mengi, ndiko kunakoleta mikwaruzo ya duara inayoonekana gari likiwa juani. Penye maji ya kisima yenye chumvi, kama sehemu nyingi za Dar es Salaam, gari lisiachwe kujikausha. Madoa meupe yanayobaki hutolewa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha hapo pasuuzwe upesi kwa maji yasiyo na chumvi. Utomvu wa mwembe na kinyesi cha ndege vilainishwe kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na visikwanguliwe.

Rangi ikishakauka, kiganja kilichovikwa glovu nyembamba kikipitishwa juu yake huhisi vijipele ambavyo jicho halivioni. Hivyo hutolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukiteleza juu ya maji ya sabuni. Kompaundi hujaribiwa kwanza sehemu ndogo. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, hiyo ni rangi isiyo na klia juu yake, ya kawaida kwenye pikapu nyingi nyeupe za kazi, na huvumilia kung'arishwa. Kisipochukua kitu, kuna klia, na klia ikishaisha kwa kusuguliwa hairudi. Kingo za boneti na milango ndizo nyembamba zaidi na huguswa kidogo. Klia inayobambuka juu ya paa haina dawa ya kitambaa, hupulizwa upya. Baada ya kompaundi hupakwa nta au kinga ya sintetiki, ambayo hudumu zaidi.

Sehemu ya mizigo ndiyo inayoeleza maisha ya pikapu. Zulia la plastiki lililotandikwa humo linyanyuliwe, hata kama limefungwa kwa skrubu nyingi, kwa sababu chini yake hukaa maji, mchanga na kutu. Pikapu iliyobeba samaki ina chumvi kwenye kila mshono. Iliyobeba mbolea ina kemikali inayokula chuma ikipata unyevu. Iliyobeba saruji ina vipande vigumu vilivyoziba matundu ya kutolea maji. Matundu hayo yazibuliwe. Harufu ya samaki hupungua kwa bikaboneti ya soda iliyokorogwa kwenye maji ya vuguvugu, kusuguliwa na kuachwa saa kadhaa kabla ya kusuuza. Chuma kilichokwaruzwa kipakwe rangi kabla zulia halijarudi.

Injini husafishwa ikiwa imepoa, kwa dawa ya kuondoa grisi, brashi na maji kidogo, si kwa mashine ya shinikizo. Altaneta, boksi la fyuzi na mdomo wa filta ya hewa hufungwa plastiki. Waya hasi wa betri hutolewa kwanza, na unga mweupe wa kwenye vichwa vya betri husuguliwa kwa maji ya bikaboneti. Lengo ni kuona uvujaji mpya utakapotokea, hivyo kupulizia mafuta ya kung'arisha injini hakuna faida.

Maji yenye grisi na ute wa plastiki yasielekezwe mtoni wala kwenye mfereji wa mvua. Kwa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na bahari.

Ndani ya kabini, mikeka hutolewa na vumbi hufyonzwa kabla ya maji yoyote kuingia. Mikanda ya viti ivutwe mpaka mwisho: mstari wa tope kwenye kitambaa chake, pamoja na kutu kwenye reli za viti na mchanga chini ya zulia, ni dalili za gari lililozama mafurikoni. Mikanda huoshwa kwa sabuni laini tu, kwani kemikali kali hudhoofisha nyuzi. Viti vya kitambaa husuguliwa kwa povu badala ya maji mengi; sponji ya ndani ikilowa kwenye hewa ya pwani hupata ukungu na harufu isiyoisha. Filta ya AC, ambayo kwenye magari mengi iko nyuma ya kiboksi cha dashibodi mbele ya abiria, ibadilishwe. Dawa zenye silikoni zisiguse usukani wala pedali, kwa sababu huteleza. Kioo cha mbele hufutwa kwa ndani mwisho, kwa spiriti na kitambaa kikavu. Milango huachwa wazi mpaka zulia likauke hadi chini, ndipo mikeka irudishwe.